Kuunganisha ikwalaiza kwenye risiva ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapopata ikwalaiza ya mtumba, akaifuta vumbi, akaigeuza nyuma na kukuta soketi nane au kumi na mbili zinamkodolea macho. Risiva ninayoizungumzia hapa ni ile ya stereo yenye redio na amplifaya ndani ya boksi moja, ya miaka ya 1970 na 1980 hivi. Majina ya soketi na vitufe nimeyaacha kwa herufi kubwa kama yalivyochapwa kwenye vyombo vyenyewe, ili ukiwa umeinama nyuma ya kabati na tochi mdomoni uyatambue mara moja.

## Mambo ya mwanzo

1. Ikwalaiza inafanya nini ambacho vifundo vya BASS na TREBLE havifanyi?

Kifundo cha BASS kinapandisha au kushusha sauti zote za chini kwa pamoja. Ukitaka ngoma ya besi isikike zaidi, utaiongeza pamoja na mvumo wa chumba, sauti nzito ya mtangazaji na kila kilichopo huko chini. Ikwalaiza hukata sauti vipande vipande na kukupa kitelezi kimoja kwa kila kipande.

Ya vitelezi 10 kwa kawaida huwa na alama za 31.5, 63, 125, 250 na 500 Hz, kisha 1, 2, 4, 8 na 16 kHz. Kila namba ni takribani mara mbili ya iliyotangulia. Zipo za vitelezi 5 au 7, na zile za studio hufika 31 kwa kila upande. Nyingi za nyumbani hupandisha au kushusha desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na katikati kuna sehemu kitelezi kinapokwama kidogo chini ya kidole: hapo ni sifuri, sauti inapita ilivyo.

2. Risiva yangu haina soketi iliyoandikwa EQ. Naiunganisha wapi?

Tafuta TAPE MONITOR. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu hawana kaseti na hawaoni tepu inahusiana vipi na ikwalaiza.

Deki nzuri za tepu zilikuwa na vichwa vitatu: cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma. Kwa kuwa tepu ilipita cha kurekodi kwanza, kisha cha kusoma, mtu aliweza kusikiliza kilichokwisha kuandikwa kwenye tepu punde tu baada ya kuandikwa, huku kurekodi kukiendelea. Ili hilo liwezekane, watengenezaji wa risiva waliikata njia ya sauti katikati. Sauti hutoka kwa TAPE OUT (au REC OUT), inazunguka nje, kisha inarudi kwa TAPE IN (au PLAY). Ukibonyeza TAPE MONITOR, amplifaya huacha kusikiliza chanzo chenyewe na kusikiliza kile kilichorudi tu.

Sasa, aliyesema lazima huko nje kuwe na tepu ni nani? Weka ikwalaiza mahali pa deki, na kila unachokipiga kwenye risiva, iwe redio, santuri au AUX, kitapitia kwenye vitelezi kabla ya kufika kwenye kifundo cha sauti.

Risiva chache zina tundu la pili la namna hiyo, limeandikwa ADAPTOR, PROCESSOR au EPL. Kama lipo, litumie hilo na uiache TAPE kwa ajili ya deki.

3. Nitajuaje kama TAPE yangu ni monitor kweli na si chanzo tu?

Shika stesheni ya FM, sauti iwe ya chini, kisha bonyeza kitufe cha TAPE hali hakuna kitu kilichochomekwa kwenye TAPE IN. Kama sauti imekatika lakini taa ya FM na ya mizani ya stesheni bado zinawaka, ni monitor ya kweli. Kama kubonyeza TAPE kumeitoa FM yenyewe, yaani TAPE iko kwenye safu moja ya kuchagua na FM, AM na PHONO (ya mashine ya santuri), hicho ni chanzo kama vyanzo vingine na hakifai kwa kazi hii. Ruka hadi swali la 9.

Jaribio la pili ndilo ninaloliamini zaidi. Chukua jozi moja ya waya, chomeka upande mmoja kwenye TAPE OUT na wa pili kwenye TAPE IN za risiva hiyo hiyo, yaani daraja la moja kwa moja lisilopitia popote. Redio ikiwa inacheza, bonyeza TAPE MONITOR. Sauti inapaswa kubaki ile ile, kushoto na kulia. Ikibaki, umeshathibitisha tundu, kitufe na waya kwa mpigo mmoja. Usifanye jaribio hili kwenye TAPE ambayo ni chanzo. Sababu iko kwenye swali la 16.

Angalizo kwa risiva zenye TAPE 1 na TAPE 2: kuna ambazo moja tu ndiyo monitor, mara nyingi TAPE 2. Pima zote.

4. Ninahitaji nyaya gani?

Jozi mbili za RCA, zile za plagi nyekundu na nyeupe. Mita moja inatosha kabisa. Ziwe na wavu wa kukinga ndani, na plagi zishike soketi sawasawa bila kulegea. Bei kubwa haiongezi kitu.

## Kuunganisha

5. Nipe hatua, moja baada ya nyingine.

Zima vyote viwili na uvichomoe kwenye umeme. Kisha:

TAPE OUT ya risiva iende LINE IN ya ikwalaiza. LINE OUT ya ikwalaiza irudi TAPE IN ya risiva. Nyekundu ni kulia, nyeupe (au nyeusi, au kijivu kwenye nyaya kuukuu) ni kushoto. Kariri hivi: *kutoka kwenda kuingia*. Hakuna mahali popote ambapo OUT inakutana na OUT, wala IN na IN. Kwenye ikwalaiza nyingine soketi hizi zimeandikwa TO AMP na FROM AMP. Hapo soma maneno kama yalivyo. FROM AMP hupokea kutoka TAPE OUT ya risiva, na TO AMP hurudisha kwenye TAPE IN.

Weka vitelezi vyote katikati. Washa ikwalaiza, washa risiva, sauti chini, chagua FM, bonyeza TAPE MONITOR ya risiva. Sasa bonyeza kitufe cha EQ (kwingine DEFEAT au BYPASS), kile kinachoingiza na kuondoa vitelezi kwenye njia ya sauti, mara mbili tatu. Vitelezi vikiwa katikati, usisikie tofauti kubwa. Kisha pandisha kitelezi cha 1 kHz mpaka juu: sauti ikiwa kama inatoka ndani ya kopo, kazi imekwisha. Kirudishe.

Kitufe cha TAPE MONITOR kitabaki kimebonyezwa siku zote. Watu wengi hukiachia wakidhani wamekosea, kisha wanalalamika kuwa ikwalaiza haifanyi chochote.

6. Nimempa deki ya kaseti nafasi gani sasa, ikiwa ikwalaiza imechukua soketi zake?

Angalia nyuma ya ikwalaiza yenyewe. Nyingi zina soketi zao za TAPE, OUT na IN, zilizowekwa kwa sababu watengenezaji walijua wanakunyang'anya za risiva. Deki inahamia huko. Ukitaka kusikiliza kaseti, unabonyeza TAPE MONITOR ya *ikwalaiza*, huku ile ya risiva ikiendelea kubaki imebonyezwa.

7. Risiva ina PRE OUT na MAIN IN zenye vipande vya chuma vya umbo la U. Si afadhali hapo?

Inawezekana, ila mimi huchagua TAPE MONITOR ikiwepo.

Vipande hivyo vya U ndivyo daraja kati ya nusu mbili za risiva: ile inayochagua chanzo na kurekebisha sauti, na ile yenye nguvu inayosukuma spika. Ukivichomoa, PRE OUT inaenda LINE IN ya ikwalaiza na LINE OUT inarudi MAIN IN. Faida ni kwamba soketi za TAPE zinabaki huru.

Hasara ni mbili. Ya kwanza, kifundo cha sauti kiko *kabla* ya ikwalaiza. Ukishusha sauti usiku, muziki unashuka lakini mchachato wa ikwalaiza yenyewe haushuki, kwa hiyo unausikia. Ya pili, ikwalaiza ikipiga kishindo inapowashwa, kishindo kinaingia moja kwa moja kwenye amplifaya ya nguvu na kutua kwenye spika bila kifundo chochote cha kukizuia. Ukitumia njia hii, washa ikwalaiza kwanza na risiva mwisho. Ukizima, anza na risiva.

Vipande vya U vifunge kwa gundi ya karatasi nyuma ya risiva. Vikipotea, siku utakayoondoa ikwalaiza risiva haitatoa sauti.

Kama una PRE OUT bila MAIN IN, hapo hapafai. Sauti inatoka lakini haina mlango wa kurudia.

8. Naweza kuiweka kati ya risiva na spika?

Hapana. Soketi za spika hutoa sauti yenye nguvu ya kusukuma koni. Ikwalaiza ya nyumbani inatarajia volti moja hivi au chini yake. Utaiunguza, na huenda risiva pia ikaumia, maana ikwalaiza nyingi huunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, jambo ambalo baadhi ya amplifaya hazivumilii.

9. Risiva haina TAPE MONITOR wala MAIN IN. Ndiyo basi?

Si basi, lakini utapata nusu ya mkate. Iweke ikwalaiza kati ya chanzo kimoja na risiva: chombo cha CD, simu au adapta ya Bluetooth iingie LINE IN, kisha LINE OUT iende AUX. Kinachopita AUX kitarekebishwa. Redio ya ndani haitaguswa. Kwa anayesikiliza kila kitu kutoka kwenye simu, hiyo nusu ni mkate mzima.

10. Basi naweza kufanya hivyo hivyo kwa mashine ya santuri, kati yake na PHONO?

Hiyo hapana. Sindano ya santuri hutoa milivolti chache tu, wakati ikwalaiza imetengenezwa kwa sauti yenye nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo. Utakachokipata ni mvumo na mchachato vilivyomeza wimbo. Zaidi ya hayo, santuri hukatwa ikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti za juu zilizoongezwa, na ni soketi ya PHONO inayorudisha mambo mahali pake. Acha santuri iingie PHONO, na ikwalaiza ikae TAPE MONITOR kama kwenye swali la 5. Itaipata ikiwa imeshakuzwa.

11. Ikwalaiza yangu imeandikwa 100V nyuma. Nichomeke tu?

Usichomeke kabla ya kujua ukutani kuna volti ngapi. 100 ni ya Japani, 120 ni ya Marekani, na nchi nyingi nyingine zina 220 hadi 240. Chombo cha 100 au 120 kikichomekwa kwenye 230, fyuzi ikiwahi una bahati. Isipowahi, transfoma inaungua na unanusa harufu ambayo hutaisahau.

Angalia kama kuna swichi ya kuchagua volti nyuma, igeuze ukiwa umechomoa waya. Kama haipo, nunua transfoma ndogo ya kushusha. Ikwalaiza hutumia umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 20, kwa hiyo huhitaji kubwa.

Na zile soketi za umeme nyuma ya risiva? SWITCHED huwaka na kuzimika na risiva, UNSWITCHED huwa na umeme wakati wote. Ni nzuri kwa ikwalaiza, mradi usizidishe wati zilizoandikwa kando yake. Usidhani zinashusha volti.

## Imeunganishwa, lakini…

12. Nikibonyeza TAPE MONITOR sauti inakatika kabisa.

Fuata njia ya sauti kwa mpangilio. Ikwalaiza imewashwa? Baadhi hupitisha sauti zikiwa zimezimwa, nyingine hukata. Nyaya hazijabadilishana IN na OUT? Kitelezi cha LEVEL (kiwango cha sauti yote ya ikwalaiza) hakiko chini kabisa?

Halafu tazama kitufe cha TAPE cha ikwalaiza yenyewe. Niliwahi kukaa saa mbili sakafuni kwa rafiki yangu, nimebadilisha nyaya zote, nimeshaanza kutafuta bisibisi, kumbe kitufe hicho kilikuwa ndani: ikwalaiza ilikuwa inaisubiri kaseti kutoka kwenye deki ambayo haipo. Tangu siku hiyo ndicho ninachokitazama kwanza.

Kama ikwalaiza ina taa zinazocheza na muziki, zitumie. Zikicheza, sauti imefika na tatizo liko kwenye kurudi. Zikitulia, tatizo liko kwenye kwenda. Bado giza? Iondoe ikwalaiza na ufanye daraja la swali la 3. Daraja likikosa sauti, ubaya uko kwenye risiva, aghalabu kitufe cha TAPE MONITOR chenye kutu ndani. Kibonyeze na kukiachia mara ishirini au thelathini. Inachekesha lakini mara nyingi inatosha. Isipotosha, dawa ya kusafishia swichi.

13. Upande mmoja tu ndio unaosikika.

Badilishana plagi za kushoto na kulia kwenye LINE IN ya ikwalaiza. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa liko nyuma yake: waya wa kwanza au risiva. Usipohama, kosa liko kwenye ikwalaiza au mbele yake. Rudia kwenye LINE OUT na utakuwa umelibana.

14. Kuna mvumo tangu niiweke.

Kwanza ni mvumo wa aina gani? Ukiwepo hata vitelezi vya besi vikishushwa chini, huenda unaingia baada ya ikwalaiza. Sogeza nyaya za RCA mbali na za umeme, na usiiweke ikwalaiza juu ya upande wa risiva wenye transfoma. Transfoma ya risiva ya zamani ni pande la chuma ambalo ukiligusa kwa bisibisi unalisikia linatetema.

Chomeka vyote viwili kwenye soketi moja ya ukutani. Geuza plagi ya ikwalaiza kama ni ya miguu miwili inayogeuzika. Kama mvumo unakuja tu ukiunganisha kompyuta au televisheni, hao ndio wenye makosa. Mguu wa ethi usiukate kamwe, hata fundi fulani akikuambia ndiyo dawa.

15. Vitelezi vinakwaruza nikivisogeza.

Vumbi na kutu. Chomoa umeme, pulizia kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia potenshiometa yenye kilainishi kwenye mfereji wa kila kitelezi, kisha kisukume juu na chini mara ishirini. Subiri ikauke. Mafuta ya cherehani na dawa za kulegeza kutu hazifai, zinaacha utando unaovuta vumbi upya. Kitelezi kimoja kikiwa kimekatika ndani, kipande hicho cha sauti kinaweza kupotea au kuja na kuondoka. Hapo ni kubadilisha.

16. Ilipiga yowe nusura nife.

Umeunganisha sauti ikajila mkia. Hutokea TAPE inapokuwa chanzo: ukiichagua, risiva inapeleka TAPE kwenye TAPE OUT, inaenda kwenye ikwalaiza, inarudi TAPE IN, inapelekwa tena TAPE OUT. Risiva nyingi zina kinga inayokata mzunguko huo, na hapo utapata kimya. Zisizo na kinga hupiga kelele kali. Ndiyo maana kila jaribio hapa linaanza na sauti ya chini.

## Kupanga vitelezi

17. Nianzie wapi? Kila mtu ana umbo lake la tabasamu.

Tabasamu ni ule mchoro wa besi juu, katikati chini, trebo juu. Hupendeza dakika tano za kwanza dukani, halafu baada ya wiki unashangaa waimbaji wamekwenda wapi. Walikuwa kati ya 500 Hz na 4 kHz, ulipowashusha wewe mwenyewe.

Anza na kushusha. Weka wimbo unaoujua vizuri, chukua kitelezi kimoja, kipandishe desibeli 6 usikie hicho kipande kinabeba nini, kisha kirudishe. Fanya hivyo kwa vyote mpaka masikio yajue ramani: 125 ni uzito, 250 ni ule ukungu wa sauti nzito, 1 kHz ni kopo, 4 kHz ni ukali wa sauti za "s" na kamba za gitaa, 16 kHz ni hewa ambayo wengi wetu wenye umri hatuisikii tena. Kisha tafuta kinachokukera na ukishushe desibeli 2 au 3. Mara nyingi vitelezi viwili vinatosha.

Ukilinganisha kwa kitufe cha EQ, rekebisha LEVEL kwanza ili pande zote mbili ziwe na sauti sawa. Sikio hudanganyika: kilicho juu kidogo hudhaniwa ndicho kizuri.

18. Ikwalaiza inaweza kuunguza spika?

Mkono wako ndio unaoweza. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Desibeli 12 ni takribani mara 16. Tuseme spika zinapokea wati 2, kiwango cha kawaida sebuleni. Ukisukuma 63 Hz mpaka juu, eneo hilo sasa linadai wati 32 hivi. Risiva ya wati 40 imebakiza kidogo sana, na hapo bado hujagusa kifundo cha sauti. Ukikigusa, amplifaya inaishiwa, inakata vichwa vya mawimbi, na mikato hiyo huzaa sauti za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo. Zinaishia kwenye twita, ile spika ndogo yenye waya mwembamba kama unywele. Ndiyo maana mtu anaongeza besi halafu kinachoungua ni twita.

Kitelezi cha 31.5 Hz kiache katikati au chini kwa spika ndogo. Haziwezi kuitoa sauti hiyo. Koni itacheza mbele na nyuma bila wewe kusikia chochote.

19. Besi inavuma kwenye kona moja ya chumba na haipo ninapokaa. Ikwalaiza itatibu?

Kidogo. Kuta mbili zilizo mita 4 mbalimbali huipa nguvu sauti ya karibu 43 Hz, na vitelezi vyako viko 31.5 na 63, hakuna kinachokaa pale pale. Ukishusha vyote viwili utapunguza mvumo lakini na besi nyingine itaondoka nao. Pale besi inapopotea, hali ni mbaya zaidi: mawimbi yanafutana, na ukiongeza unaongeza pande zote mbili za ufutano. Sogeza kiti nusu mita, ondoa spika kwenye kona, *kisha* rudi kwenye vitelezi.

20. Niache LOUDNESS ikiwa imewashwa? Na ikwalaiza ya kwenye simu?

LOUDNESS ni kitufe cha risiva kinachoongeza besi unaposikiliza kwa sauti ya chini. Zima zote, weka BASS na TREBLE katikati, panga vitelezi. Baada ya hapo fanya unachopenda, ila warekebishaji watatu wakigombania besi moja hutajua nani kaiharibu.

## Visa visivyo vya kawaida

21. Risiva ina soketi ya duara yenye matundu matano badala ya RCA.

Hiyo ni DIN, ya kawaida kwenye risiva za Ulaya. Tundu la 1 na la 4 hutoa sauti kwenda kurekodi, 3 na 5 huirudisha, 2 ni hasi. Tafuta waya wenye DIN upande mmoja na RCA *nne* upande wa pili. Wenye RCA mbili huenda njia moja tu.

Tarajia sauti ndogo. Njia ya kurekodi ya DIN ilikusudiwa kutoa takribani milivolti 1 kwa kila kilo-omu ya ukinzani wa chombo kinachopokea. Ikwalaiza ya kilo-omu 47 itapata milivolti 47 hivi, wakati ya RCA ingeipa 150 au zaidi. Pandisha LEVEL, vumilia mchachato kidogo. Risiva ikiwa na DIN na RCA pamoja, tumia RCA.

22. Nimepata ikwalaiza ya studio, vitelezi 31.

Hesabu kwanza: nyingi ni za upande mmoja, kwa hiyo unahitaji mbili. Pili, viwango havilingani. Studio hufanya kazi kwenye volti 1.23, vyombo vya nyumbani kwenye 0.316, tofauti ya desibeli 12 hivi. Itafanya kazi kwa adapta za jeki nene kwenda RCA, ila ongeza kiwango cha kuingia kwa uangalifu na usizidishe cha kutoka.

23. Ya gari je?

Hutumia volti 12, na nyingi za zamani zina amplifaya ya spika ndani yake. Iache kwenye gari.

24. Risiva yangu ni ya sinema, ina HDMI na pia TAPE OUT.

TAPE OUT hiyo kwa kawaida hutoa tu kilichoingia kwa RCA. Kinachoingia kwa HDMI au waya wa mwanga hakitokei hapo, na ikwalaiza itabaki kimya. Tumia njia ya swali la 9.

25. Naweza kurekodi kaseti ikiwa na mipangilio ya ikwalaiza?

Ndiyo, kama ikwalaiza ina kitufe cha EQ REC na deki iko kwenye soketi za ikwalaiza (swali la 6). Ukikibonyeza, vitelezi huingia kwenye kurekodi. Kumbuka ulichorekodi ukikipiga tena kupitia vitelezi vile vile kitarekebishwa mara mbili.

26. Nimeiondoa ikwalaiza, sasa risiva imekufa.

Haijafa. TAPE MONITOR bado iko ndani, inasubiri sauti kutoka kwenye soketi tupu. Iachie. Kama ulikuwa umetumia njia ya swali la 7, chungulia nyuma: vile vipande vya U vimebaki kwenye gundi ya karatasi.